Mlevi wa kuchekwa na mlevi wa kuchekesha

Wasee wa Ngoingwa, wale mmekuwa hapa tangu mwanzo mnamkumbuka Baba Mtungi. Kwa wageni: Baba Mtungi ni mlevi niliyekuwa namwigiza miaka miwili iliyopita. Suruali imefungwa kwa kamba ya katani, kiatu ni kimoja, anasimama mbele ya geti la jirani na kulipigia saluti akidhani ni askari. Ile klipu ya geti ndiyo ilinitoa. Nilikuwa nimeacha chuo muhula mmoja kabla, mamangu ananiongelesha kupitia kwa sister, halafu ghafla watu zaidi ya elfu arobaini wanacheka kitu nimetengeneza na simu ya kioo kilichopasuka. Nilijiona nimefika.

Kitu sikuwaambia ni kwamba Baba Mtungi ni anko yangu, ndugu mdogo wa mama. Kamba ilikuwa yake, mwendo ulikuwa wake, hata ile saluti niliiona kwa macho yangu. Na siku klipu inatoka, alikuwa na siku kumi na tisa bila kuonja. Vijana wa boda wakamwonyesha pale steji. Naamini walimwonyesha kwa mapenzi. Alicheka pamoja nao, akawarudishia simu yao, akaenda zake. Usiku tulimtafuta na tochi, tukampata mtaroni.

Sisemi klipu ndiyo ilimnywesha. Yeye mwenyewe amenikataza kusema hivyo. Anasema mlevi hakosi sababu, na siku hiyo hata mvua ingetosha.

Miezi kadhaa baadaye akanialika kwa mkutano wa wazi wa Alcoholics Anonymous, ile siku ambayo hata sisi tusio wanachama tunaruhusiwa kuingia. Ya mle hubaki mle, kwa hivyo ya wengine siwezi kuyagusa. Yake amenipa ruhusa. Alisimama akasimulia stori ya geti, ile ile, na watu wakacheka mpaka mmoja akatoka nje kuvuta pumzi. Mimi kuchekesha ndiyo kazi yangu, na kicheko kama hicho sijawahi kukipata. Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mkavu kabisa, akiwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Geti ni moja na stori ni moja, lakini vicheko ni viwili. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya pombe hapa kwetu kama mtu aliyepoteza kitu, na nilichopata ndicho nataka kuwawekea leo. Kiswahili chenyewe kinajua tofauti: kumcheka mtu si sawa na kucheka naye. Shida ni kwamba nchi hii imefanya la kwanza kwa karibu miaka mia, na la pili inalifanya kwa kujificha.

Rudi nyuma kidogo. Kabla ya wazungu, muratina kwa Wakikuyu haikuwa ya kila mtu. Ilikuwa ya wazee, ilikuwa ya ruracio na ya shughuli, na kijana wa umri wangu angeonekana na pembe ya pombe mkononi angejua hajui. Sitaki kuipaka hiyo enzi rangi, wazee walikuwa wanalewa pia. Ila mlevi alilewa mbele ya watu waliomjua baba yake na mtoto wake. Kama alichekwa, alichekwa na watu wa rika lake, na kesho angewacheka yeye.

Ukoloni ukabadilisha hiyo. Mwafrika akinywa ikawa ni suala la serikali. Mkataba wa Brussels wa 1890, kisha ule wa Saint-Germain wa 1919, ulizuia pombe kali kuuziwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili, na Kenya ikakaa ndani ya mpango huo. Bia ya chupa nayo ilikuwa ya mzungu hadi miaka ya 1940, na pombe kali hadi miaka ya 1950. Wakati huo huo hapa Thika, hoteli ya Blue Posts ilikuwa imefunguliwa tangu 1908 kando ya maporomoko ya Chania, walowezi wakinywa wakiangalia maji. Tafakari hiyo picha. Mzungu aliyelewa pale juu alikuwa mtu wa vituko, mtu wa kusimuliwa kwenye vitabu. Mwafrika aliyelewa kule chini alikuwa mshtakiwa.

Na niruhusuni kamzaha kamoja, maana historia yenyewe ndiyo ilikaanza. Kenya Breweries ilianzishwa 1922. Mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi, George Hurst, akauawa na ndovu akiwinda. Ndugu yake na wenzake wakafanya nini? Wakaipa bia jina la yule ndovu, Tusker. Msiba wao wakaugeuza kibandiko cha chupa, na sote tunakubali kuwa ni stori tamu. Sasa jiulize kama kuna mwanakijiji wa Gatundu aliyewahi kupewa nafasi ya kugeuza msiba wake wa pombe uwe stori tamu namna hiyo. Yeye alipewa tarehe ya kortini.

Mshtakiwa huyo ndiye akaja kuwa mchekeshaji wetu mkuu. Waulize wazazi wenu kuhusu Vioja Mahakamani, tangu enzi za Sauti ya Kenya mpaka KBC. Ondiek Nyuka Kwota, Otoyo, Makokha, wote kizimbani, na kesi za busaa na chang'aa hazikukosa. Nakipenda hicho kipindi, msinielewe vibaya, na bila hicho singejua kuweka kituo kabla ya neno la mwisho. Lakini angalia kilijengwa wapi: ndani ya korti. Sheria ilimpeleka maskini mlevi mbele ya hakimu, na runinga ikatuita sote tukae nyuma ya hakimu tucheke. Kuna wakati Ondiek anamzidi hakimu akili, na hapo ndipo kicheko kinageuka kinakuwa chetu na yeye. Hizo ndizo sehemu bora. Wengi wetu tulioiga baadaye, mimi wa kwanza, tulichukua mwendo wa kulewa tukaacha hiyo akili.

Nje ya runinga mambo hayakuwa ya mchezo. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980, ikahamia gizani, na gizani ndiko watu walianza kuchanganya vitu. Novemba 2000, pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa sababu glasi ilikuwa shilingi kumi, iliua zaidi ya watu mia moja katika mitaa ya Nairobi, na wengine wakabaki vipofu. Angalia pia majina tunayozipa: kumi kumi, kill me quick. Mnywaji mwenyewe anatania kifo chake kabla hajaketi. 2004 ikaja Senator ya pipa, bei ya chini, ili watu watoke kwa chang'aa, na Barack Obama alipopata umaarufu ikaitwa Obama mtaani. 2010 Bunge likapitisha sheria mpya ya pombe, ile ya John Mututho, chang'aa ikahalalishwa kwa masharti na baa zikawekewa saa. Mei 2014 pombe yenye methanoli ikaua tena makumi ya watu, kuanzia Embu na Kitui mpaka huku kwetu Kiambu.

Halafu Julai 2015. Hapo nilikuwa mtoto na nakumbuka vizuri. Rais Uhuru Kenyatta aliamuru pombe za bei rahisi zimalizwe eneo la kati, wabunge wakaongoza umati, mitungi ikamwagwa barabarani. Wamama walitokea kwa kamera wakilia kwamba waume zao wameisha, hawalimi, hawazai. Hicho kilikuwa kilio, wasee. Mama anasema mbele ya taifa kwamba nyumba yake imekufa. Na nchi nzima ikakifanya nini kile kilio? Ikakifanya kichekesho. Mpaka leo ukitoka Kiambu au Murang'a ukaenda mahali, mtu anakutania wanaume wenu ni wa keg, hawawezi kitu. Tulizoea mpaka tukaanza kujitania wenyewe kabla hatujataniwa.

2018 gavana wetu Ferdinand Waititu akaanzisha Kaa Sober. Walevi walivalishwa majaketi yanayong'aa, wakafyeka nyasi na kuzibua mitaro, wakilipwa shilingi 400 kwa siku. Watu waliiuliza maswali ya pesa, na maswali yalikuwa ya haki. Januari 2020 Seneti ikamwondoa Waititu na mpango ukafifia. Mimi ninachokumbuka ni lile jaketi. Mtu akipita amelivaa, watoto walikuwa wanaimba nyuma yake. Anko alijiandikisha, akakaa wiki mbili. Nilimuuliza kwa nini alitoka, akasema kazi haikuwa ngumu, jaketi ndilo lilikuwa zito.

Sasa nikuulize wewe unayesoma: katika hiyo miaka yote, ni wapi mlevi mwenyewe alishika maikrofoni?

Yuko mahali alishika, ila si hapa kwanza. Juni 1935, mji wa Akron, Ohio, Marekani, watu wawili walioshindwa na pombe, Bill Wilson na daktari Bob Smith, waligundua kwamba mlevi akiongea na mlevi mwenzake usiku unapita. Hapo ndipo Alcoholics Anonymous ilianza. Kuna kisa kwenye kitabu chao cha 1953 ambacho kilinimaliza. Kundi la mji mmoja lilijiona limefika, likapanga kujenga kituo kikubwa cha kutibu, kufundisha na kukopesha, na likaandika kanuni 61. Kila kitu kikaanguka. Yule kiongozi, badala ya kununa, akachapisha kadi ndogo na kuituma makao makuu. Juu yake kulikuwa na kanuni ya 62, inayomwonya mtu asijione mzito kupita kiasi. Basi. Wanachama wanaitaja mpaka leo. Mlevi anajenga himaya, himaya inaanguka, na yeye ndiye wa kwanza kuicheka.

Mfano mwingine ni wa fani yangu. Richard Pryor, mchekeshaji Mmarekani mweusi, alijichoma moto Juni 1980 katika kipindi cha kokeini nzito, nusura afe. Akiwa bado hospitalini, Amerika nzima ilikuwa na vichekesho juu yake. Filamu yake ya 1982, Live on the Sunset Strip, ina sehemu anapoisimulia ile siku, na mwishoni anachukua kile kichekesho ambacho watu walikuwa wanamchekea nacho, cha njiti ya kibiriti inayokimbia, na anakifanya yeye mwenyewe jukwaani, na njiti yake mkononi. Nimeiangalia mara nyingi kuliko mitihani yote niliyowahi kusomea. Kichekesho hakikubadilika. Mwenyewe ndiye alikirudishia nyumbani. Na sitawadanganya kwamba kilimponya, maana Pryor aliteleza tena baada ya hapo. Kicheko hakikuwa tiba yake. Kilimtoa tu mahali ambapo angeweza kukaa amejificha.

Kuna sayansi kidogo hapa, na nitaipitia haraka kwa sababu mimi si daktari na niliacha chuo kabla ya kuwa kitu chochote. Mwaka 2011 Robin Dunbar na wenzake Uingereza walionyesha kwamba watu waliocheka pamoja kwa dhati wanavumilia maumivu zaidi baada ya hapo. Mwaka 2017 watafiti wa Turku, Finland, waliwapiga picha za ubongo wanaume 12 waliokuwa wamecheka na marafiki, wakaona ubongo unatoa ile afyuni yake ya ndani, inayogusa sehemu zile zile ambazo heroini huzigusa. Wanaume 12 si wengi, msikimbie nayo kanisani. Lakini yule anayejaribu kuishi bila kitu kilichokuwa kinamtuliza, akicheka na marafiki anapata kionjo cha kutulizwa na mwili wake mwenyewe. Neno kubwa hapo ni marafiki.

Kwa sababu si kila kicheko ni raha. Januari 1962 wasichana wa shule ya Kashasha, karibu na Bukoba, Tanganyika, walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa, shule ikafungwa Machi, na vijiji vingine vikashikwa. Watu wa intaneti wanaipenda hiyo stori kama kituko. Madaktari walioiandika mwaka uliofuata hawakuona furaha yoyote ndani yake. Kila nikiisoma namuona anko akicheka pale steji na simu ya vijana mkononi. Alicheka. Mimi nilihesabu kicheko chake kama mtazamaji mmoja zaidi.

Lakini kitu cha kicheko chenye adabu si cha Amerika peke yake. Majirani zetu wa Tanzania wana utani, na sisemi utani wa kawaida, nasema ule wa makabila: Wanyamwezi na watu wa pwani waliokutana kwenye misafara ya karne ya 19, makabila yaliyopigana vita kisha yakawa watani. Wasomi wameuandika tangu miaka ya 1940. Mtani ana haki ya kukutukana mpaka kwenye matanga ya mzazi wako. Anakuja msibani, anaigiza marehemu, anamwita bahili, anadai deni, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatiririka. Huwezi kukasirika. Ila sikiliza masharti: huyo mtani amefika. Amelala msibani, amebeba maji, mara nyingine ndiye anachimba kaburi. Na akifiwa yeye kesho, ni zamu yako. Kichekesho kinalipwa kwa kazi, na kinazunguka.

Mimi nilimfanyia anko utani bila kufika msibani. Nilichukua haki ya mtani nikaacha kazi ya mtani. Na Baba Mtungi hakuwa na zamu, hangeweza kunirudishia.

Najua kuna mtu hapo chini ataniambia wachekeshaji hawana deni na mtu, kazi yetu ni kuchekesha. Sawa. Lakini kati ya 2019 na 2020 jukwaa la Churchill Show lilizika Njenga Mswahili, Kasee na Othuol Othuol. Vifo vyao vilikuwa tofauti na sitavichanganya kwa kikapu kimoja. Ninachokumbuka ni maongezi ya nchi baadaye, ya pombe, ya msongo wa mawazo, ya nani alimpigia nani simu, na Churchill mwenyewe akitupiwa mawe mtandaoni. Tulishangaa watu wanaotuchekesha wanaumia. Tulikuwa tumewachukua vile tunavyomchukua mlevi, kama kitu kimewekwa pale cha kuchekwa. Pia Rais Uhuru aliwahi kumteua Chipukeezy kwenye bodi ya NACADA, na watu wakacheka eti mchekeshaji atafanya nini huko. Kwangu lilikuwa swali zuri lililoulizwa kwa dharau. Mchekeshaji angefanya mengi huko kama angewapa walevi wanaopona maikrofoni badala ya kupeleka mabango ya fuvu la kichwa.

Kwenye mkutano ule niligundua hakuna aliyecheka mtu aliyekuwa bado analia. Mmoja aliongea siku hiyo akiwa na siku mbili tu, na chumba kilikuwa kimya kama kanisa. Anko akaniambia baadaye kwamba hakuna kanuni iliyoandikwa, ila mtu hachekwi mpaka aanze mwenyewe. Akianza, mnamfuata. Akinyamaza, mnanyamaza. Nimefanya kazi hii miaka mitatu na hakuna aliyewahi kunifundisha kitu kirefu zaidi ya hicho.

Klipu nilishaifuta. Haijafutika. Wiki jana imeletwa kwa grupu ya WhatsApp ya mtaa, imewekwa muziki mwingine, aliyeituma hajui ni mimi wala hajui ni nani. Watu wakajaza vikaragosi vya kucheka. Mamangu yuko kwa hiyo grupu.

Anko ana miezi kumi na moja sasa. Jumamosi alikuja kwangu akasema anataka kumrudisha Baba Mtungi, lakini achezwe na mwenyewe. Tulienda mpaka kwa lile geti, tukabisha, jirani akakubali kuwa sauti ya askari. Anko alikuwa mzuri kuniliko, sitaficha. Ana namna ya kungoja geti limjibu saluti ambayo mimi singeifikiria. Tulirudia mara nne kwa sababu mwenye kushika simu, ambaye ni mimi, alikuwa anacheka na picha inatikisika.

Nilikuwa nimebeba ile kamba ya katani. Aliiangalia, akaniambia kamba hapana. Nikamwambia anko, hiyo ndiyo watu wanaikumbuka. Akasema mshipi aliuuza shilingi mia moja, na ulikuwa wa guka. Nikairudisha mfukoni.

Klipu itatoka akitimiza mwaka. Simu atashika yeye, na atakayebonyeza ni yeye.